Kumwonyesha Mgeni Njia: Sadaka Ndogo, Amana Kubwa



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetuumba na asituache tuhangaike gizani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake, na kila anayewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu zangu katika imani, kila siku tunaswali rakaa 17 za faradhi, na katika kila rakaa tunasoma Suratul Fatiha. Ndani ya sura hiyo tunamwomba Mola wetu atuongoze kwenye njia iliyonyooka. Fikirini: mtu mzima, mwenye akili timamu, aliyepata alama za kuingia chuo kikuu, anasimama mbele ya Mola wake mara 17 kwa siku na kukiri kwamba hajui njia mpaka aonyeshwe. Leo nataka tutazame upande wa pili wa ombi hilo. Sisi tunaoomba kuonyeshwa njia, je, tunawaonyeshaje wenzetu?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Anayeombwa kutoa nasaha mara nyingi husimulia makosa ya watu wengine. Hili ni langu, na bado linaniuma.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alistaafu jeshini mwaka jana baada ya utumishi wa miaka 31. Kwao ni Bombo, yapata kilomita 35 kaskazini mwa Kampala, kwenye barabara ya kwenda Gulu. Wengi wenu mnaijua Bombo kuwa makao makuu ya jeshi la nchi kavu. Sisi tunaijua pia kuwa mji wa Wanubi, wajukuu wa wale askari wa Kisudani ambao Kapteni Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert mwaka 1891 akawaingiza katika utumishi wake. Wazee wale walikuja na silaha zao, Uislamu wao, na Kiarabu chao ambacho leo tunakiita Kinubi. Kambini wakakutana na Kiswahili, nacho kimebaki lugha ya askari wa Uganda hadi leo. Katika mji kama huo askari anapostaafu, sherehe huwa ya ukoo mzima.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe mjomba aliniita. Akasema, "Wewe ndiye msomi wetu. Watu watatoka pande nyingi, na wengi hawajawahi kufika huku. Kazi yako ni moja tu: asipotee mgeni hata mmoja."

Nikaitikia, lakini moyoni sikufurahi. Nilitarajia nitapewa kusoma risala ya familia, au kukaa karibu na meza ya wakubwa. Kusimama njia panda na kuwaelekeza watu niliona ni kazi ya mtoto.

Hata hivyo niliketi nikaandika maelekezo, nikayatuma kwenye kundi la WhatsApp la familia, na kila aliyeyapata akawatumia wengine. Niliandika hivi: panda taksi za Bombo, pita Kawempe na Matugga, ukifika mjini mwambie kondakta akushushe kwenye steji niliyoitaja, kisha shika njia ya kulia, tembea mpaka uwaone vijana wenye vitambaa vya kijani. Chini yake nikaweka namba yangu ya simu. Njia za kambi si jambo la kuchapisha gazetini, kwa hiyo sitazieleza zaidi ya hapo. Niliyasoma mara tatu nikayaona yamekamilika.

Miongoni mwa waalikwa alikuwemo mama mmoja wa Yumbe, huko West Nile. Mwanawe alikuwa kikosi kimoja na mjomba mjini Mogadishu, katika jeshi la Umoja wa Afrika ambalo Uganda ilianza kulipelekea askari Machi 2007. Kijana yule hakurudi hai. Mjomba ndiye aliyelisindikiza jeneza hadi Yumbe na kulikabidhi kwa mama. Tangu siku ile, kila Idi, mjomba alimpigia simu mama yule kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote nje ya nyumba yake. Tarehe ya kustaafu ilipojulikana, wa kwanza kualikwa alikuwa nyanya, na wa pili alikuwa mama wa Yumbe. Viti viwili vikatengwa mstari wa mbele kwa ajili yao.

Siku ilipofika nilisimama njia panda tangu saa moja asubuhi, kitambaa mkononi na orodha ya majina mfukoni. Wageni wakaja: wazee wa mtaa, mashangazi waliovaa gurbaba, marafiki wa mjomba waliostaafu kabla yake, majirani wa zamani. Kila aliyefika nilimwekea alama. Saa nne ilipokaribia magari ya wakubwa yakapita, bendi ikaanza kupiga, na jua likawa kali. Nikatazama orodha. Yalibaki majina mawili yasiyo na alama: mama wa Yumbe na mjukuu wake. Nikajiambia, labda wamepita nikiwa nawasalimia watu. Kwa nini nilijiambia hivyo? Kwa sababu nilitamani kivuli cha hema na nilitaka kuonekana. Nikaondoka njia panda nikaingia ndani. Langoni wageni wote walikuwa wanaacha simu kwa askari wa zamu. Nami nikaiacha yangu, ile ile ambayo namba yake niliwapa watu.

Mama alishuka kwenye basi dakika chache baada ya mimi kuondoka. Basi lao lilikuwa limepata pancha njiani usiku. Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, ambalo lilitokea wiki mbili kabla ya lile la kuondoka. Basi linalotoka West Nile halianzii Kampala. Linavuka Nile pale Karuma, linapita Luweero, na linaingia Bombo kutoka kaskazini. Mjukuu wake, mtoto wa miaka 13, akafungua ujumbe na kumsomea nyanya yake: shikeni njia ya kulia. Wakashika ya kulia. Lakini mkono wa kulia wa anayetoka Kampala ni mkono wa kushoto wa anayetoka Luweero. Wao walitii nilichoandika neno kwa neno, na utii huo ndio uliowapoteza.

Walitembea mpaka nyumba zikaanza kuwa chache. Wakarudi. Wakauliza, wakaelekezwa lango jingine la kambi, na huko majina yao hayakuwepo kwa kuwa orodha ya wageni haikuwa hapo. Wakanipigia simu mara 6, nayo ikalia ndani ya sanduku langoni huku mimi nimekaa kivulini nikinywa soda.

Sherehe ikaendelea. Majina ya wanaostaafu yakasomwa, vyeti vikatolewa. Ilipofika zamu ya mjomba kusema machache, aliwaomba watu wasimame kuwakumbuka wenzake ambao hawakupata kuiona siku ya kustaafu. Akatazama mstari wa mbele. Nyanya alikuwa amesimama, na pembeni yake kiti kilikuwa kitupu. Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kuna mtu niliyetaka asimame hapa pamoja nami." Hakuendelea. Nilikuwa mstari wa nne, na pale ndipo nilipoelewa kwamba yale majina mawili hayakupita.

Nilikimbilia langoni, nikachukua simu, nikapiga. Simu ya mtoto ilikuwa imezimika chaji. Nikazunguka barabarani nikiuliza huku na huko, wala sikuwaona.

Saa nane, mahema yakiwa yameanza kukunjwa, ikaja bodaboda na abiria wawili. Kijana wa bodaboda alikuwa amemkuta mama ameketi kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, amevua viatu. Kabla ya jambo lolote alimwuliza, "Mama, mmetoka wapi?" Aliposikia ni Yumbe, akamwomba mtoto amweleze yale maelekezo kama alivyoyakumbuka. Akacheka, akasema, "Aliyeandika haya alikuwa anatazama kutoka Kampala." Akawapakia wote wawili, akapita lango baada ya lango mpaka alipolipata letu. Nilipotaka kumlipa alikataa. Alikuwa amevaa msalaba shingoni.

Mjomba alikuwa bado na sare zake. Alimwendea mama yule, akasimama wima, akampigia saluti kama anavyompigia jenerali. Kisha akamshika mkono akamketisha kwenye kile kiti, akamwekea cheti chake mapajani. Nyanya akampakulia chakula kwa mkono wake mwenyewe. Lakini watu waliokusudiwa kumwona mama wa mwenzao aliyekufa walikuwa wamekwisha kwenda zao. Dakika ile ilikuwa imepita, na hakuna chuo kitakachonifundisha namna ya kuirudisha.

Mjomba hakunigombeza. Kesho yake aliniambia tu, "Mpeleke mama kituoni, na usiondoke mpaka basi liondoke." Tukiwa tunasubiri nikamwomba mama msamaha. Akanisamehe upesi, kama wafanyavyo mama zetu. Kisha akaniuliza swali, wala halikuwa la kunilaumu, alitaka kujua tu: "Mwanangu, ulipoandika kulia, ulikuwa umekaa wapi?"

Nikamjibu ukweli. Nilikuwa nimekaa chumbani kwangu, hosteli, Kampala.

Ndugu zangu, swali hilo nimekuja nalo kwenu. Kutokana nalo nimejifunza mambo matano.

La kwanza: kuonyesha njia ni ibada. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ameitaja sadaka ya kumwelekeza mtu aliyepotea pamoja na kutabasamu mbele ya ndugu yako, na kuondoa jiwe, mwiba au mfupa njiani. Na alipowapa haki za barabara watu wanaopenda kukaa barazani, aliwataka wainamishe macho, waache kuudhi watu, waitikie salamu, waamrishe mema na wakataze maovu. Katika riwaya za Abu Dawud imeongezwa haki ya kumwongoza aliyepotea. Kwa hiyo ile kazi niliyoiona ya mtoto ilikuwa sadaka iliyowekwa mikononi mwangu. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni hakufika?

Na upande wa pili ni mzito. Katika Musnad ya Imam Ahmad imepokewa laana kwa mtu anayempoteza kipofu njia. Mimi sikukusudia, na Mwenyezi Mungu anajua nia. Lakini mgeni katika mji asioujua ni kama kipofu. Anayaona majengo na watu, ila hajui chochote kati ya hivyo kinamaanisha nini. Anaazima macho yako. Ukimpa macho mabovu, umemfanyia nini?

La pili: kabla hujamwelekeza mtu, jua anakotoka. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal (R.A.) kwenda Yemen, jambo la kwanza alilomwambia ni hali ya wale anaowaendea: kwamba ni Watu wa Kitabu. Kisha akampangia hatua: aanze na kuwaita kwenye shahada, wakikubali awafundishe swala tano, wakikubali awafundishe zaka, na ajihadhari asiwachukulie mali zao zilizo bora. Bukhari na Muslim wote wameipokea. Ujumbe ni ule ule kwa watu wote, lakini Muadh alielezwa kwanza anaowaendea wamesimama wapi.

Sasa tujitazame sisi hapa chuoni. Anakuja msikitini kijana aliyesilimu mwezi uliopita, na sisi tunamwelekeza kama mtu aliyekulia madrasa: soma hiki, hifadhi kile, acha vyote leo. Anakuja dada aliyekaa miaka miwili bila kuswali, amejikaza akaja, na neno la kwanza analolisikia ni kuhusu nguo aliyovaa. Anakuja wa mwaka wa kwanza kutoka kijijini, hajui hata ofisi ya msajili iko wapi, na sisi tunamkabidhi ratiba ya darsa za wiki nzima. Tuliyowaambia huenda yote ni kweli, kama lile neno "kulia" lilivyokuwa kweli. Lilikuwa kweli kwa mtu anayetoka nilikokuwa nimekaa mimi. Kijana wa bodaboda hakuwa na shahada ya chuo, lakini aliuliza swali ambalo msomi wa familia hakulifikiria: mmetoka wapi?

La tatu: usielekeze usichokijua. Mnaikumbuka hadithi ya mtu wa umma zilizopita aliyeua watu 99, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alitaka kutubu akauliza njia. Akapelekwa kwa mtawa, mcha Mungu asiye na elimu, ambaye alimwambia hana toba. Akamuua naye, wakatimia 100. Kisha akaelekezwa kwa mwanachuoni, ambaye alimwambia kwamba hakuna kinachomzuia na toba, akamtajia na mji wa kwenda wenye watu wema. Mtu yule akafa njiani, na malaika wa rehema ndio waliomchukua kwa sababu alikutwa amekaribia zaidi upande wa mji ule. Tazameni tofauti ya waelekezaji wawili. Wa kwanza alifunga mlango ambao haukuwa wake. Wa pili alitaja mlango, akataja na njia ya kuufikia.

Katika zama zetu kila mwenye simu ni mwelekezaji. Mtu anauliza kwenye kundi letu kuhusu mkopo wa ada wenye riba, kuhusu talaka ya dada yake, kuhusu dawa ya kuzuia mimba, na kabla ya dakika mbili kupita anapata majibu saba, kila moja linaelekeza upande wake. Kusema "sijui, lakini nitakupeleka kwa sheikh anayejua" hakumpunguzii mtu heshima. Nami laiti ningeandika kwenye ujumbe ule, "Hii ni kwa wanaotoka Kampala, wanaotoka kwingine nipigieni," mama yule angekaa kwenye kiti chake.

La nne: usiache kituo chako mpaka uruhusiwe. Mwaka wa 3 Hijria, katika vita vya Uhud, Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima chini ya Abdullah bin Jubayr (R.A.), akawaamuru wasiondoke mahali pale hata wakiona Waislamu wameshinda, hata wakiona wameshindwa, mpaka atakapowatumia mtu. Walipoona maadui wanakimbia na ngawira ziko wazi, wengi wao walishuka. Kiongozi wao aliwakumbusha, lakini walimwacha na watu wachache. Wapanda farasi wa Makureshi wakapitia pale pale palipoachwa wazi, na Waislamu 70 wakauawa siku ile.

Sijilinganishi na Masahaba. Mwenyezi Mungu aliwasamehe kwa maneno ya wazi katika Suratu Aal Imran. Ninachosema ni kwamba mlango unaotutoa kituoni ni ule ule: kudhani kazi imekwisha kwa kuwa sehemu kubwa imekwisha. Wageni wangu zaidi ya 60 walifika salama. Lakini mjomba hakuniambia wafike wengi. Aliniambia asipotee hata mmoja. Mara nyingi yule mmoja aliyebaki ndiye aliyetoka mbali zaidi, ndiye mzee zaidi, ndiye asiye na mtu wa kumpigia kelele. Mpishi wa futari ya jumuiya anayefunga sufuria kabla ya wanaotoka maabara kufika, mwalimu wa kundi la Qur'ani anayeacha kuja kwa kuwa wamebaki wanafunzi wawili, amiri anayezima simu wiki ya mitihani: sote tumesimama kwenye kilima kile.

La tano: usimdharau anayekuonyesha njia, na usiache shukrani ikupite. Katika safari ya Hijra, safari kubwa kuliko zote katika historia yetu, aliyewaongoza Mtume (S.A.W.) na Abu Bakr (R.A.) njiani alikuwa Abdullah bin Urayqit, mtu ambaye bado alikuwa katika dini ya Makureshi. Walimwamini, wakamkabidhi ngamia wao wawili, wakapatana wakutane pango la Thawr baada ya siku tatu. Akaja kwa wakati, akawapitisha njia ya pwani mpaka walikokwenda. Bukhari ameipokea habari hii. Nilimkumbuka nilipomwona kijana wa bodaboda akigeuza pikipiki yake bila kupokea hata shilingi. Uaminifu wa yule wa kale ulitufikishia Mtume Madina. Ubinadamu wa huyu wa leo ulisitiri aibu yangu. Ikiwa mtu aliyevaa msalaba ameacha abiria wake ili amfikishe mama wa Kiislamu, sisi tunaosoma Fatiha mara 17 tuna udhuru gani?

Katika safari ile ile, Abu Bakr alikuwa akijulikana na watu wa njiani kwa ajili ya biashara zake, nao wakawa wanamwuliza huyu aliye mbele yako ni nani. Alikuwa akiwajibu kwamba ni mtu anayemwonyesha njia. Wao wakidhani ni njia ya jangwani, na yeye akikusudia njia ya kheri. Lipo jina gani zuri la kumpa mtu kuliko hilo? Sote tungependa, siku tutakapoulizwiwa, asimame mtu mmoja aseme: huyu alinionyesha njia.

Ndugu zangu, nimeanza na sherehe ya kustaafu, na sitaki kuiacha. Khalid bin al-Walid (R.A.), jemadari tunayemtaja kwa fahari kuliko wote, alivuliwa uongozi na Khalifa Umar (R.A.) akiwa bado ana nguvu. Umar alieleza kwamba hakufanya hivyo kwa sababu ya khiyana, ila alichelea watu wasije wakafitinika naye na kusahau kwamba ushindi unatoka kwa Mwenyezi Mungu. Khalid hakuondoka kwa hasira. Aliendelea kupigana chini ya Abu Ubayda (R.A.) kama askari mwingine, na alifariki kitandani mwaka wa 21 Hijria. Cheo kilimtoka, lakini kazi ya kuwaonyesha wengine namna ya kutii aliifanya mpaka mwisho.

Viongozi wa jumuiya yetu mtakabidhi ofisi mwisho wa mwaka huu. Wanaomaliza masomo mtaondoka. Kila mmoja ana siku yake ya kustaafu, na juu ya zote ipo ile ambayo haina risala wala bendi. Swali litakalobaki ni waliokuja nyuma yako: uliwaachia maelekezo yanayosomeka, au uliandika ukiwa umekaa chumbani kwako ukidhani dunia yote inatoka Kampala?

Mimi nimejiwekea jambo dogo. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo nakwenda kusimama kwenye lango la chuo, na kila anayeniuliza njia ya msikiti au ya hosteli, kwanza namwuliza ametoka wapi. Akiwa mzee au ana mzigo, natembea naye mpaka afike. Na siondoki mpaka jina la mwisho kwenye orodha liwe na alama. Nawaomba tusimame pamoja. Tugawane malango, wanaume na wanawake, na tuandike maelekezo kwa anayetoka kila upande. Ni kazi ya siku tano tu, na huenda kati ya tutakaowapokea yupo mmoja ambaye bila sisi angekaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa mpaka akate tamaa.

Kila Idi sasa mjomba anapompigia simu mama wa Yumbe, nami nampigia. Mara ya mwisho aliniuliza kama bado nawaelekeza watu. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi waambie mimi nilifika."

Ewe Mola wetu, tuongoze, na utufanye sababu ya wengine kuongoka. Usitufanye tukawapoteza waja wako kwa ujinga wetu, kwa haraka yetu wala kwa kupenda kuonekana. Warehemu waliofia mbali na nyumba zao, na uwape subira mama zao. Tusimamishe kwenye vituo vyetu mpaka utakapotuita, na siku hiyo tuonyeshe njia ya Pepo Yako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.